Kutoka Kiogoro Hadi Bonde la Lambwe: Safari ya Siku Moja Wakati wa Kipupwe

Mtu asimamaye juu ya vilima vya Kiogoro, karibu na mji wa Kisii, asubuhi ya mwezi wa Julai au wa Agosti, haoni mbali. Ukungu umelala juu ya michai na migomba, nyasi za nepia zinadondosha maji, na moshi wa jikoni unapanda polepole kana kwamba nao unaona baridi. Huu ndio msimu ambao watu wa pwani huuita kipupwe. Watoto hujikunyata karibu na meko, na wazee hujifunika mablanketi mpaka jua litokeze.

Ukungu ukiisha kuondoka, huonekana jambo jingine. Hakuna mahali palipo patupu. Panapokoma chai ya mmoja ndipo yanapoanza mahindi ya mwingine, na kati yao pana mstari wa migomba, na pembeni pana ng'ombe mmoja au wawili waliofungiwa bandani kwa kuwa hakuna malisho ya kuwatosha. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019 Kaunti ya Kisii ilikuwa na watu 1,266,860, na kila kilomita ya mraba ilikuwa na watu zaidi ya 900. Baba aliyerithi ekari mbili hujiuliza atawagawiaje wanawe wanne.

Lakini mwendo usiozidi saa tatu kwa gari kutoka hapo, kuna bonde lenye kilomita za mraba 120 ambalo halilimwi na mtu, wala halichungwi ng'ombe, wala halina nyumba ila za askari wanaolilinda. Bonde hilo ni la Lambwe, katika Kaunti ya Homa Bay, na sehemu hiyo iliyohifadhiwa huitwa Mbuga ya Taifa ya Ruma. Kwa nini mahali hapo pamebaki wazi, na kama yafaa pabaki hivyo, ni jambo ambalo kila mkulima wa Kisii angependa kulijua.

Jamaa moja ya Kiogoro ilifunga safari ya kwenda huko katika likizo ya Agosti. Baba ni karani mjini Kisii, na mama hulima chai na mboga. Walikuwa pamoja na watoto wao watatu, na nyanya yao, mama wa yule karani, ambaye alikuwa amekataa kwenda mara mbili kabla ya kukubali. Walikodi gari la viti saba pamoja na dereva wake. Mama alitia kapuni viazi vitamu vilivyochemshwa, mayai, ndizi mbivu na chai ya maziwa katika chupa ya moto. Saa kumi na moja alfajiri, kukiwa bado na giza na baridi kali, wakaondoka. Mtoto wa kati, mvulana wa miaka kumi, alivaa sweta yake ya shule ya rangi ya buluu, kwa kuwa ndiyo nzito kuliko zote.

Barabara ilipita Kisii na Suneka, kisha ikaanza kuteremka kuelekea Rongo. Mtu asiyeizoea njia hii hustaajabu kuona jinsi nchi inavyobadilika kwa muda mfupi. Chai ilitoweka, miwa ikatokea, na udongo mwekundu wa vilimani ukawaacha. Walipogeukia Homa Bay, hewa ilikuwa vuguvugu, na vioo vya gari vikashushwa. Mji wa Kisii uko juu kiasi cha mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na Ziwa Victoria liko kiasi cha mita 1,134. Kwa hiyo msafiri huteremka zaidi ya nusu kilomita kabla ya kuyaona maji ya ziwa. Walipofika Homa Bay jua lilikuwa limechomoza, na nyanya akaliondoa blanketi lake mabegani.

Kutoka hapo walishika njia ya kuelekea Mbita, kisha wakaiacha na kuingia bondeni. Upande mmoja ulisimama ukuta wa mwinuko wa Kanyamwa, na upande mwingine kwa mbali vilima vya Gwassi, na katikati palitandazwa nyasi ndefu zilizopauka, zenye migunga iliyosimama hapa na pale. Watoto walinyamaza. Walikuwa hawajapata kuona nchi kubwa namna hiyo isiyo na paa hata moja la bati.

Katika lango la Kamato baba alilipa ada kwa simu, kwa kuwa siku hizi ada za mbuga hazipokelewi kwa fedha mkononi. Askari wa wanyama aliyekuwa hapo akawasalimu, akamtazama yule mvulana, akasema, "Kijana, vua hiyo sweta. Mbung'o wanaipenda rangi ya buluu kuliko sisi tunavyopenda samaki."

Mvulana alidhani anafanyiwa mzaha. Askari akamwonyesha kipande cha kitambaa cha buluu na cheusi kilichotundikwa kati ya vijiti viwili kando ya njia. Mbung'o huvutwa na rangi hizo mbili, na kitambaa hutiwa dawa, hata nzi akitua juu yake hufa. Sweta ikavuliwa upesi, ikafichwa chini ya kiti.

Nyanya alikuwa hakusema neno tangu walipoingia bondeni. Sasa akasema, "Ndiyo sababu nilikataa kuja. Tulipokuwa wasichana tuliambiwa kwamba huku chini mtu huumwa na nzi, akalala, asiamke tena."

"Mama, hukuambiwa uongo," askari akamjibu kwa heshima. Na kwa kuwa alikubali kupanda garini ili awaongoze, alieleza habari zote njiani.

Ugonjwa wa malale huletwa na kijidudu kisichoonekana kwa macho, ambacho mbung'o hukichukua katika damu ya mnyama au ya mtu na kukitia katika damu ya mtu mwingine. Kwanza huja homa na maumivu ya kichwa. Kijidudu kikiisha kuingia katika ubongo, mgonjwa husinzia mchana na kukosa usingizi usiku, akili yake huchafuka, na asipotibiwa hufa. Mwanzoni mwa karne ya 20 malale yaliua zaidi ya watu 200,000 katika Uganda, hasa Busoga na visiwa vya ziwa, na pwani ya Nyanza nayo haikusalimika. Ng'ombe nao wana ugonjwa wao wa namna hiyo, uitwao nagana, ambao huwakondesha hata wasiweze kusimama. Lakini nyati, kongoni na tohe huishi na vijidudu hivyo damuni mwao bila kuonyesha dalili ya ugonjwa.

Hivyo mbung'o ndiye aliyelichagulia bonde hili wakazi wake. Mwenye ng'ombe aliyeingia alitoka bila ng'ombe, na mara nyingine hakutoka. Katika miaka ya ukoloni vichaka vilifyekwa ili nzi akose kivuli, lakini vichaka viliota tena. Mwaka 1966 sehemu ya bonde ilitangazwa kuwa hifadhi ya wanyama, na mwaka 1983 ikafanywa mbuga ya taifa. Hata hivyo mwanzoni mwa miaka ya 1980 malale yalizuka tena kati ya watu waliokaa kandokando, na dawa ikabidi kunyunyizwa kwa ndege.

Gari lilikuwa likienda polepole, na wanyama wakaanza kuonekana. Twiga watano walisimama karibu na mgunga, wenye miguu myeupe chini ya magoti kana kwamba wamevaa soksi. Hao ni twiga wa namna ya Rothschild, walioletwa hapa kutoka mahali pengine. Punda milia walivuka njia bila haraka. Kongoni mmoja alisimama juu ya kichuguu akiwaangalia wageni, na uso wake mrefu ukamchekesha mtoto mdogo. Nyamera walikuwa kundi, na taya, mnyama mdogo mwenye rangi ya nyasi kavu, alichomoka karibu na gurudumu na kutoweka.

Karibu na maji walikuta kuro dume, mwenye manyoya marefu ya kijivu. Askari akawaambia kwamba mnyama huyu amewafaa wafugaji sana. Wataalamu wa wadudu wa kituo cha ICIPE walitambua kwamba mbung'o huwauma wanyama wengine wote walio karibu lakini humwepuka kuro. Wakaichunguza harufu yake, wakatengeneza dawa yenye harufu ya namna hiyo, ambayo hutiwa katika kichupa na kuvishwa ng'ombe shingoni. Mama wa watoto alipolisikia jambo hilo aliuliza maswali mengi kuliko aliyouliza juu ya twiga, maana ana ng'ombe wawili nyumbani.

Simba hawapo Ruma, wala tembo. Wapo chui na fisi, ambao hujificha mchana. Wapo pia vifaru, weusi na weupe. Mwaka 2012 vifaru weusi walihamishwa hapa kutoka Mugie katika Laikipia. Jamaa hii ilimwona mmoja kwa mbali, mfano wa jiwe la kijivu lililoamua kutembea.

Lakini mnyama ambaye kwa ajili yake mbuga hii ilitengwa si kifaru wala twiga. Ni korongo. Msomaji asichanganye jina hili na ndege mrefu wa majini, wala na bonde lililochimbwa na maji ya mvua. Korongo huyu ni wa jamii ya swala, naye ni mkubwa. Dume huweza kuzidi kilo 250. Manyoya yake ni ya rangi ya kahawia isiyoiva, masikio ni marefu yenye ncha za manyoya, pembe zimepindika kwenda nyuma, na uso ni mweusi wenye mabaka meupe kana kwamba amevaa kinyago. Hupenda nyasi ndefu. Jike akizaa humficha mtoto ndani ya nyasi kwa majuma kadhaa, na kumwendea kumnyonyesha tu.

Zamani korongo walikuwako pia katika nchi ya Wamaasai upande wa Mara, na katika vilima vya Ithanga karibu na Thika, ambako baadhi yao walichukuliwa kupelekwa Shimba Hills. Kote huko wamekwisha. Katika nchi nyingine za Afrika, kama Tanzania na Zambia, bado wapo. Lakini katika Kenya yote mahali waliposalia ni Ruma peke yake. Katikati ya miaka ya 1970 walikuwa kiasi cha 200 katika bonde hili. Katika hesabu ya wanyamapori ya nchi nzima iliyofanywa mwaka 2021 walipatikana 15.

"Kumi na watano?" baba aliuliza. "Katika darasa la huyu mtoto wamo watoto hamsini."

"Wamekwishwa na nini?" mama akauliza. "Na huku hakuna simba."

"Wamekwishwa na waya," askari akajibu. Watu huchukua nyaya, wakazifunga vitanzi, wakavitega katika njia ambazo wanyama hupita kwenda majini. Kitanzi hakichagui. Aliyekitega pengine alitaka tohe wa kitoweo, lakini anayenaswa aweza kuwa korongo mwenye mimba. Tena nyasi zichomwapo moto ovyo, ndama aliyefichwa hana pa kukimbilia.

Walizunguka tangu asubuhi mpaka saa nane wakimtafuta korongo. Walisimama juu ya vilima vidogo, wakatazama kwa darubini ya askari, kila mmoja kwa zamu. Mahali pamoja palipokuwa na tope la mvua ya jana askari akawaonyesha alama za kwato, pana na zenye ncha, akasema hizi ni zake, naye amepita alfajiri. Wakazitazama kwa muda mrefu. Korongo mwenyewe hawakumwona.

Walipokaa kula katika mahali palipowekwa kwa wageni, mtoto mkubwa, msichana, alionyesha kwamba hakuridhika. Shangazi yao aliye Finland alikuwa amewapelekea kwa simu picha za mbuga ya wanyama ya Ranua, karibu na nchi za ncha ya kaskazini, ambako watu huenda na watoto wao katika majira ya theluji. Wageni hutembea juu ya njia ya mbao, wamevaa makoti mazito, na kando yao, nyuma ya ua, wamo dubu weupe, mbwamwitu, na mbweha ambao manyoya yao hugeuka kuwa meupe wakati wa baridi. "Huko mtu akilipa huwaona," msichana alisema. "Sisi tumelipa, na tumeona nyayo."

Baba alicheka, lakini askari hakucheka. Alisema kwamba neno hilo ni la kweli, na lafaa kufikiriwa. Ranua ilifunguliwa mwaka 1983, mwaka uleule Ruma ilipofanywa mbuga ya taifa. Lakini kule mnyama hulishwa na mtumishi, na ua umemzunguka karibu. Hapa mnyama hujitafutia nyasi, maji na mwenzi, hujificha apendapo, na akifa hakuna mwingine wa kununuliwa mahali pake. Anayetaka kumwona lazima aje tena.

Kisha akawaonyesha kitu ambacho hawakukilipia. Juu ya nyasi walipita ndege wadogo wenye mng'ao wa buluu iliyokoza, na mikia yao mirefu kama nyuzi mbili. Hao ni mbayuwayu wa buluu, ambao wamebaki wachache duniani. Huzaa katika nyanda za juu za kusini, toka Tanzania ya kusini hadi Afrika Kusini. Kipupwe cha huko kinapokuja na baridi yake, huruka kuja pande hizi za Uganda na Kenya, wakakaa tangu kiasi cha Aprili hadi Septemba. Kwa hiyo siku ile bondeni hawakuwa watu wa Kiogoro peke yao waliokuwa wameiacha baridi ya vilimani wakaja kutafuta jua.

Baba hakuwa ameliacha wazo lake la tangu asubuhi. Alipomaliza chai yake alisema, "Bwana askari, usinielewe vibaya. Mimi nina wana wawili wa kiume na robo tatu ya ekari. Nikitazama ardhi hii yote, moyo unauma. Mbung'o akiisha, kwa nini watu wasigawiwe?"

Swali hili si la yeye peke yake. Huulizwa katika vilabu vya chai na katika mikutano ya machifu, na halifai kujibiwa kwa hasira. Askari alimwomba karani afanye hesabu. Karani akatoa kalamu, akaandika nyuma ya karatasi ya sukari. Kilomita za mraba 120 ni hekta 12,000. Zikigawiwa watu wa Kaunti ya Kisii peke yao, bila kuwahesabu wenyeji wa Homa Bay walio na haki kuliko Wakisii, kila mtu angepata mita za mraba 95, yaani hatua kumi kwa hatua kumi. Pengine angeweza kupanda hapo sukuma wiki ya jamaa yake. Na udongo wenyewe katika sehemu nyingi za chini ni mweusi wa kunata, ambao mvua ikinyesha hugeuka gundi, na jua likiwaka hupasuka. Baba aliitazama ile namba kwa muda, akaikunja karatasi, akaitia mfukoni.

"Hatua kumi," nyanya akasema. "Kwa mwaka mmoja zingekuwa zimekwisha kugombaniwa mahakamani."

Lakini haifai kusema kwamba majirani wa mbuga hawana malalamiko. Nyati avunjapo ua na kuingia katika mtama, hasara ni ya mwenye shamba. Fisi achukuapo mbuzi, hamchukui mbuzi wa serikali. Kwa ajili hiyo uzio wa umeme umewekwa, na sheria inatoa njia ya kudai fidia, ingawa fidia ikichelewa mtu hulala na njaa leo. Wanaokaa mbali, wanaoitwa wapenda wanyama, hawana budi kukumbuka kwamba gharama ya korongo hulipwa kwanza na wale wanaokaa karibu naye.

Jambo kubwa la kuangalia sasa ni hili. Kwa miaka mingi bonde la Lambwe lililindwa na nzi. Hakuhitaji mshahara wala bunduki, na watu walimwogopa kuliko askari. Leo nguvu zake zimepungua. Mitego ya vitambaa, dawa za ng'ombe na upimaji wa damu vimefanya kazi yake. Mwenyeji wa mwisho aliyeambukizwa malale katika nchi ya Kenya alipatikana mwaka 2009, na mwezi wa Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba Kenya imeutokomeza ugonjwa huo usiwe tena tatizo la afya ya umma. Mbung'o bado yuko, tena huuma sana, lakini hofu imeondoka. Hiyo ni furaha kubwa kwa kila mama wa Nyanza. Ila mlinzi wa zamani akiisha kuondoka, mlinzi mwingine hana budi kushika zamu yake, na mlinzi huyo hawezi kuwa mwingine ila watu wenyewe.

Jamaa ile ilitoka langoni saa kumi jioni, ikapanda tena kuelekea baridi ya vilima vyao. Wengine wanaotaka kwenda wanaweza kufuata njia hiyohiyo na kurudi siku ileile. Waende kabla ya Septemba kuisha, ili wamkute mbayuwayu. Wavae nguo za mikono mirefu zenye rangi ya udongo au ya nyasi kavu, si buluu wala nyeusi. Wachukue maji ya kutosha, wamwombe askari awaongoze, wala wasishuke garini ila mahali palipowekwa.

Na wale ambao hawatakwenda nao wana sehemu yao. Nyama ya porini husafiri mbali kuliko mtu aliyeitega, nayo huuzwa usiku, kwa bei nafuu, bila muhuri wa mkaguzi. Anayeinunua hajui kama alikuwa tohe au kama alikuwa mmoja wa wale kumi na watano. Asiponunua, kitanzi cha waya hakina faida kwa aliyekifunga, na njia ya kwenda majini itabaki wazi.